Maswali ya wasomaji: Dubwana la mita 18 kwenye mawe ya lava

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: kiumbe kimeundwa vizuri kwenye kompyuta, lakini kikiwekwa ndani ya video ya mtaa hakuna anayeamini kwamba kipo. Wengi wenu mnapiga kwa simu na kuunda kwa Blender, programu ya kuunda picha za 3D, kwa hiyo tumejibu kwa kufuata vyombo hivyo.

Wakubwa, jambo. Tumeunda dubwana la miguu miwili, mita 18 kutoka unyayo hadi utosi, tukaliweka kwenye video tuliyopiga karibu na Rond-point Chukudu. Ngozi yake nzuri, meno yake mazuri, lakini kila anayeliona anasema ni kidoli. Tukapunguza mwendo mara kumi, sasa linaonekana kama linatembea chini ya maji. Tunakosea wapi?
*Msomaji wa Birere, Goma*

Ngozi na meno viacheni kama vilivyo. Kosa liko kwenye hesabu ya muda, nanyi mlilikaribia jibu mkalipita.

Mvutano wa dunia ni uleule kwa mdogo na kwa mkubwa. Jiwe likianguka kutoka mita 1.5 linafika chini kwa sekunde 0.55. Likianguka kutoka mita 15, linafika kwa sekunde 1.75. Umbali umeongezeka mara 10, lakini muda umeongezeka mara 3.16 tu, yaani kipeuo cha pili cha 10. Mguu unaotembea nao unabembea kutoka kiunoni kwa kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo pimeni dubwana lenu ni refu mara ngapi kuliko mtu, tafuteni kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha zidisheni muda wa kila tendo kwa jibu mnalopata. Ile mara 10 mliyotumia ingefaa kiumbe cha mita 180.

Mtu wa mita 1.8 anapiga hatua moja kwa nusu sekunde hivi, ambayo ni fremu (picha moja moja za video) 12 au 13 kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde. Dubwana lenu lipeni fremu 40. Mtu anageuza kichwa kwa fremu 8, lenu ligeuze kwa 25. Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalitegemei: hatua ya mtu ni sentimita 70, ya dubwana ni mita 7, na mita 7 kwa sekunde 1.6 ni karibu kilomita 16 kwa saa. Miguu inaonekana mizito, lakini mwili unakata ardhi upesi kuliko mtu anayekimbia mchakamchaka. Mkilifanya polepole kwa miguu na polepole kwa safari, mnarudi chini ya maji.

Baada ya muda, angalieni uzito. Refusha kiumbe mara 10 bila kubadilisha umbo, uzito wake unaongezeka mara 1,000 huku eneo la mfupa, ukiukata katikati, linaongezeka mara 100 tu. Ndiyo maana tembo anasimama kwa miguu iliyonyooka kama nguzo, na hata akikimbia haachi ardhi kwa miguu yote minne kwa pamoja. Dubwana lenu lisiruke wala lisikunje magoti sana. Unyayo ukigusa lava kwenye fremu ya 1, kiuno kisisimame papo hapo: kiendelee kushuka hadi fremu ya 10 hivi, tumbo lifike chini kabisa fremu 6 hadi 8 baada ya kiuno, na nyama ya shingo iwe ya mwisho. Kila kitu kikitua kwenye fremu moja, mtazamaji anaona plastiki.

Kwa mfano wa kuigwa, mbebesheni mwenzenu gunia la makala mgongoni na mumpige akitembea. Mtu mwenye mzigo haruki-ruki, anatanua miguu, na kichwa kinatangulia kidogo. Mkimpiga kwa fremu 60 na kumchezesha kwa 25, mwendo unapungua mara 2.4, unaofaa kiumbe cha mita 10 hivi. Kwa mita 18 pigeni kwa fremu 120, kisha harakisheni mara 1.5 kwenye kompyuta.

Mwisho, kamera. Iwekeni kwenye usawa wa macho ya mtu, mita 1.6. Kwa lenzi kuu ya simu nyingi, iliyo sawa na milimita 26, kamera ikiwa imelala sawa bila kuinuliwa, dubwana la mita 18 linaingia zima likiwa mbali zaidi ya mita 40. Likija karibu zaidi, acheni kichwa kitoke nje ya picha. Na msiweke ukungu wa lenzi nyuma na mbele yake ili picha ionekane ya sinema. Macho yetu yamezoea kuona ukungu wa namna hiyo kwenye picha za vitu vya mezani, kwa hiyo unalipunguza dubwana hadi ukubwa wa kikombe.

Dubwana letu linateleza. Tulipiga kwa simu tukitembea juu ya lava, tukafuatilia alama kwenye Blender, tukakokotoa kamera. Kosa linasoma 2.3. Nyayo zinaelea kama ziko kwenye sabuni.
*Wanafunzi wawili, Majengo, Goma*

Alama ni nukta za video ambazo programu inazifuata fremu kwa fremu ili ijue kamera ilivyosogea. Kosa la 2.3 lina maana kwamba kila alama, kwa wastani, iko pikseli 2.3 mbali na mahali programu ilipotarajia kuiona. Lengeni chini ya 0.5. Likizidi 1, utelezi unaonekana kwa macho. Lakini kabla ya kuanza kufuta alama, rudini kwenye simu, maana mara nyingi kosa linazaliwa huko.

Zimeni kituliza mtikisiko. Kinakata na kusogeza picha fremu kwa fremu, na programu inakokotoa kamera ambayo haikuwahi kuwepo. Fungeni fokasi na mwanga visibadilike vyenyewe, tumieni lenzi kuu, msikuze picha. Kama programu ya simu inaruhusu, chagueni fremu 25. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwa fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 taa za usiku hazipepesi. Simu nyingi pia hupiga kwa kasi inayoyumba, mara 29 mara 31. Igeuzeni video iwe picha zenye namba kabla ya kazi yoyote. Kwa FFmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za maandishi, amri ni hii:

ffmpeg -i klipu.mp4 -vf fps=25 fremu_%04d.png

Kama simu yenu inatoa 30 tu, bakini kwenye 30 na muandike fps=30. Kushuka kutoka 30 kwenda 25 kunaangusha fremu moja kati ya kila sita, na mwendo unakatika. Hatua ya fremu 40 itakuwa 48.

Sasa alama. Blender inahitaji zisizopungua 8 zinazoonekana kwa pamoja kwenye fremu mbili inazoanzia hesabu. Nyinyi wekeni 25 hadi 30: theluthi karibu na kamera, theluthi katikati, theluthi mbali. Hapa Goma ina bahati, maana lava imejaa kona kali za kijivu juu ya nyeusi ambazo programu inazishika vizuri. Kinachodanganya ni kona za uongo. Mlingoti ulio karibu ukipita mbele ya ukingo wa paa lililo mbali, mahali vinapokatizana panaonekana kama kona, lakini hapapo duniani. Kamera ikisogea, panahama. Alama moja ya namna hiyo inatosha kuvuta hesabu nzima. Futeni pia alama zilizo kwenye majani, mawingu, mawimbi na ukingo wa kivuli.

Urefu wa lenzi: andikeni milimita 26 na upana wa kihisi milimita 36, kisha iruhusuni programu iusahihishe, kwa sababu simu hukata kingo za picha inapopiga video. Na tembeeni kweli, msisimame mahali pamoja mkizungusha simu. Bila kusogea, programu haiwezi kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Tembeeni polepole: kihisi cha simu kinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na ukigeuka ghafla, nguzo zinainama kwenye video na hesabu inainama nazo.

Kabla ya kupiga, chukueni futi ya kupimia, wekeni nukta mbili za chokaa zenye mita 5 kati yake. Nukta hizo ndizo zitakazoiambia Blender mita ni kubwa kiasi gani. Mkizisahau, hesabu zote za jibu la kwanza hazina pa kushika.

Waigizaji wetu wanatazama juu, lakini kila mmoja anatazama mbingu yake.
*Msomaji, Himbi, Goma*

Na karibu wote wanatazama juu kupita kiasi. Macho ya dubwana la mita 18 yako kama mita 17. Kwa mtu aliye mita 15 kutoka miguuni pake, hayo ni digrii 45. Kwa aliye mita 40 ni digrii 21, na kwa aliye mita 100 ni digrii 9 tu. Kilele cha volkano ya Nyiragongo chenyewe, ukikitazama kutoka mjini, kiko digrii 6 au 7 juu ya upeo, na kila mtu wa Goma angeapa ni zaidi.

Ngumi ya mkono ulionyooka ni digrii 10 hivi. Pangeni ngumi mbili juu ya upeo kwa aliye mita 40, mtafute kitu halisi mahali hapo (ncha ya mlingoti, kona ya ghorofa, tawi la mkaratusi) na kila mwigizaji apewe cha kwake kulingana na mahali anaposimama. Dubwana likitembea, macho nayo yatembee: mtu mmoja nyuma ya kamera ahesabu kwa sauti, hatua moja kila sekunde 1.6, na waigizaji wahamishe macho kwa hesabu hiyo. Sauti yake mtaifuta baadaye.

Kila mtu anasema dubwana "limebandikwa". Rangi tumeilinganisha kwa jicho mara nyingi, bado.
*Msomaji, Katindo, Goma*

Jicho peke yake halitoshi, linahitaji kitu cha kulinganisha nacho, na kitu hicho lazima kipigwe siku ileile, mahali palepale, dakika zilezile. Jua linahama digrii 15 kwa saa. Mkirudi kesho yake asubuhi kupiga picha ya mwanga, mmepiga mwanga wa filamu nyingine.

Chukueni mipira miwili. Mmoja upakeni rangi ya kijivu isiyong'aa. Mpira wa plastiki wa watoto unatosha. Wa pili uwe wa chuma kinachong'aa kama kioo. Ushikeni mahali dubwana litakaposimama, upigeni picha kutoka mita 2, mara tano, kila picha ikiwa na mwanga wa stopu mbili zaidi ya iliyotangulia, yaani mara nne yake. Mkiziunganisha mnapata picha ya mazingira yote yenye viwango vyote vya mwanga, ile inayoitwa HDRI, na Blender inaitumia kuangaza kiumbe. Jua lenyewe kwenye picha hizo karibu kila mara linaungua na kupoteza nguvu yake. Lifuteni, mweke taa ya jua ya programu yenye upana wa nusu digrii, kisha mlinganishe na mpira wa kijivu: wekeni mpira wa kijivu wa kompyuta kando ya ule halisi, mrekebishe taa mpaka pande zenye jua na pande zenye kivuli zisome namba zilezile. Mipira ikifanana, dubwana litafuata.

Ardhi ya Goma ina tabia yake. Lava nyeusi hairudishi mwanga mwingi, kwa hiyo tumbo la dubwana na sehemu ya chini ya taya viwe na giza kuliko mlivyozoea kuona kwenye mafunzo yaliyopigwa jangwani au kwenye lami kuukuu. Mkipiga Bukavu kwenye udongo mwekundu uliokatwa mlimani, tumbo lilelile lichukue wekundu. Tengenezeni bapa la ardhi lenye rangi hiyo chini ya kiumbe, hata kama halitaonekana, ili mwanga urudi kutoka kwake.

Kivuli ndipo watu wengi wanaposhindwa. Jua likiwa digrii 45, kivuli cha dubwana ni mita 18 kamili. Likiwa digrii 30, ni mita 31. Kivuli hicho hakilali chini tu. Kinapanda ukuta, kinavunjika juu ya paa la mabati, kinapita juu ya watu. Jengeni nyumba na kuta kwa maboksi rahisi yaliyolingana na video, myafanye kuwa vipokea kivuli kwenye Cycles, sehemu ya Blender inayokokotoa mwanga.

Lakini mtazameni mwenye chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) anayepita pale. Kwenye video amepigwa na jua: bega lake linang'aa, mbao za chukudu zina mstari mweupe juu, na kivuli chake kifupi kinamfuata ubavuni. Sasa kivuli cha dubwana kinamfunika. Bega likibaki linang'aa, mtazamaji hatajua kwa nini, ila atajua kwamba dubwana halipo. Inabidi mumchoree barakoa, yaani umbo la kompyuta linalomtenga na picha iliyobaki, inayotembea naye, mumtie giza fremu kwa fremu kuanzia gurudumu la mbele hadi mgongoni kadiri anavyoingia, na kile kivuli chake kidogo kikifika ndani ya kikubwa kifutwe, maana hakuna tena jua la kukitengeneza. Giza hilo lisiwe jeusi. Tafuteni kivuli halisi cha mlingoti ndani ya video ileile, msome namba zake za nyekundu, kijani na bluu, mzifikie. Kwa kawaida mtakuta bluu imepanda kidogo, kwa sababu anga bado linaangaza mahali jua lisipofika.

Kama kazi hiyo ni nyingi, pigeni siku ya mawingu, au saa sita mchana karibu na miezi ya Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya utosi na kivuli kinabaki miguuni. Si kukwepa kazi, ni kupanga.

Jambo la mwisho kwenye barua hii: weusi. Hewa iliyo kati ya kamera na kitu inakifanya kiwe hafifu. Tafuteni kivuli cha mti ulio umbali sawa na dubwana. Hakuna sehemu ya dubwana inayoruhusiwa kuwa nyeusi kuliko hapo. Kwa mita 40 tofauti ni ndogo, kwa mita 300 mwezi wa Julai wenye vumbi ni kubwa sana, na kosa hili peke yake linatosha kulifanya lionekane limebandikwa.

Unyayo unagusa ardhi na hakuna kinachotokea. Tuongeze vumbi kiasi gani?
*Msomaji, Ndosho, Goma*

Anzeni na mawe kabla ya vumbi. Kokoto za lava zilizorushwa mita 2 juu zinarudi chini kwa sekunde 0.64, fremu 16, na muda huo haubadiliki kwa sababu aliyezirusha ni mkubwa. Hapa wengi wanapunguza mwendo wa mawe pamoja na wa dubwana, na ukubwa wote unapotea. Kokoto za kawaida zikianguka kwa kasi ya kawaida kando ya mguu unaochukua fremu 40 ndizo zinazomwambia mtazamaji mguu ni mkubwa kiasi gani.

Vumbi la Goma ni la kijivu cha giza. Lile la kahawia mnalopakua limetoka kwenye ardhi nyingine, na linagombana na picha. Tengenezeni lenu: kitambaa cheusi nyuma, taa ubavuni, mfuko wa majivu uangushwe kutoka mita 1, mpige kwa fremu 120. Mkiuweka juu ya video kwa njia ya kuongeza mwanga, weusi wa kitambaa unatoweka. Kisha punguzeni weupe wake hadi ufanane na vumbi la pikipiki lililomo tayari ndani ya picha. Wekeni tabaka moja nyuma ya mguu na jingine mbele yake. Vumbi lililo mbele peke yake linaonekana kama limemwagwa juu ya kioo.

Kamera itikisike fremu 1 au 2 baada ya unyayo kugusa, zaidi juu na chini kuliko kulia na kushoto, pikseli 4 hadi 6 kwenye picha yenye upana wa pikseli 1920, na iishe ndani ya fremu 12. Sauti inasafiri mita 340 kwa sekunde. Dubwana likiwa mita 340 mbali, mshindo uje fremu 25 baada ya mguu. Kuchelewa huko kunaongeza ukubwa kuliko mshindo wenyewe.

Kuna na ukungu wa mwendo. Mchana wa jua kali simu hupiga kwa shata ya 1/1000 bila kukuuliza, na kila kinachotembea kinakuwa kikali kama kimekatwa kwa wembe. Ukungu wa Blender ukiachwa kwenye 0.5, yaani nusu ya muda wa fremu, hautafanana. Kwa fremu 25, shata ya 1/1000 ni 0.025, na ya 1/50 ndiyo 0.5. Bora kuweka kichujio cha ND, kioo cha giza kinachopunguza mwanga, mbele ya lenzi ili mpige kwa 1/50 tangu mwanzo.

Sisi tunataka dubwana litoke ndani ya Ziwa Kivu. Inawezekana?
*Kikundi cha vijana, Nguba, Bukavu*

Litoke, lakini msilionyeshe likitoka. Maji ndiyo kazi nzito kuliko zote, na tatizo si kompyuta tu. Tone la maji haliwezi kukua na dubwana: likizidi milimita chache linapasuka hewani. Maji yanayomwagika kutoka kwenye bega la mita 18 yanafika chini yakiwa mvua na ukungu. Mkikokotoa maji kwa chembe kubwa ili kompyuta iweze, mnapata jeli.

Pigeni usiku, mtumbwi wa kuvua sambaza (samaki wadogo wa Kivu) na taa yake. Mtu aliye nje ya picha autikise kwa kamba: polepole mara ya kwanza, kisha kwa nguvu. Taa iyumbe. Nyuma, mbali, wekeni umbo jeusi lisilo na undani ambalo linaziba taa za ng'ambo moja baada ya nyingine. Hapo hamhitaji tone hata moja la maji ya kompyuta, ila chelewesheni mtikisiko: wimbi lifike kwenye mtumbwi baada ya umbo kusogea.

Tuko watatu, ordinateri moja, na umeme unakatika kila siku. Je, tunajidanganya?
*Msomaji, Mabanga, Goma*

Hapana. Filamu ya Kijapani iliyopata Oscar ya madoido ya picha Machi 2024 ilifanywa na timu ya wasanii 35, na shoti zake za madoido zilikuwa 610. Watatu wanaweza kufanya shoti 8 au 10 zenye nguvu, kama zimechaguliwa kabla ya kupiga. Tatu kati ya hizo zionyeshe dubwana zima. Zilizobaki zionyeshe mguu, kivuli kinachopita ukutani, bati linalotetemeka, uso wa mtu.

Kuhusu umeme: mnaporenda, yaani kompyuta inapokokotoa picha za mwisho, msirende kuwa video hata siku moja. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 118 kati ya 125, faili la video linakufa lote. Rendeni fremu moja moja kwa faili za picha za EXR za nusu usahihi, zenye namba. Kwenye sehemu ya matokeo ya Blender zimeni ruhusa ya kuandika juu ya faili zilizopo. Umeme ukirudi, anzisheni upya, nayo itaruka zilizokamilika na kuendelea. Kabla ya kuanzisha, tazameni faili la mwisho: likiwa dogo kuliko wenzake au halifunguki, lilikatwa katikati, lifuteni.

Sekunde 5 ni fremu 125. Kila fremu ikichukua dakika 8, ni saa 16 na dakika 40. Shusheni sampuli (mara ambazo programu inakokotoa mwanga wa kila pikseli) hadi 128 au 256 na muwashe kisafisha chembe cha Open Image Denoise, kisha jaribuni fremu tatu tu, ya kwanza, ya kati na ya mwisho, kabla ya kutoa zote. Dubwana, kivuli na vumbi virendwe kwa tabaka tofauti. Kivuli kikigundulika kimezidi giza, mnakirekebisha kwa dakika tano wakati wa kuunganisha, na dubwana halirendwi tena. Chembechembe za picha ongezeni mwisho kabisa, baada ya tabaka zote kuungana, mkizilinganisha na ukuta mtupu ulio ndani ya video: kuzeni mara nne, tazameni ukuta, kisha tazameni bega la dubwana, mpaka msione mpaka kati yao.